Nepi za Sanduku la Kukhu

Katika nyumba moja ya Shinyalu, si mbali na msitu wa Kakamega, palikuwa na sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda kwa miaka mingi. Mwenye sanduku hilo ni mama mzee ambaye wajukuu wa mji humwita Kukhu, yaani nyanya kwa Kiluhya. Ndani yake mlikuwa na nepi 24 za kitambaa cha taulo, nyeupe, zimekunjwa vizuri, alizozinunua mwaka 1988 alipomzaa mwanawe wa kwanza. Zililea watoto wanne. Kisha zikafuliwa, zikapigwa pasi, zikawekwa. Na hapana mtu awekaye nepi zaidi ya miaka thelathini ila anatazamia mjukuu kutoka kwa mwana yule yule aliyezivaa kwanza.

Mjukuu huyo alizaliwa mwezi wa Aprili mwaka 2022, masika yalipokuwa yameshika. Ni mtoto wa kiume. Baba yake huendesha bodaboda, na mama yake ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kupanga mambo mapema. Katika mipango yake nepi za kufua hazikuwamo kabisa. Alikuwa amekwisha kununua mfuko wa zile za kutupa, ambazo watu wote wa Kenya huziita pampasi hata kama zimetengenezwa na kampuni nyingine, kwa sababu ya zile za Pampers zilizotolewa Marekani mwaka 1961.

Kukhu alipouona mfuko ule hakusema neno baya. Aliuliza tu, “Mwanangu, na hizi zikiisha kuchafuka, huenda wapi?” Mwalimu akajibu, “Chooni, mama.” Yule mzee akatikisa kichwa. Choo cha mji ule kilichimbwa kwa jasho, nacho ni kimoja. Nepi ya kutupa si karatasi. Ni plastiki kwa nje, na ndani mna nyuzi za mti na unga maalum unaonyonya maji na kuvimba. Shimo lililochimbwa litumike miaka kumi hujaa kabla ya wakati wake. Kuzichoma nako wengi hawataki, maana wako waaminio kwamba nepi ya mtoto ikiungua, mtoto naye atapata madhara ya moto huo mwilini. Basi hutupwa kwenye miwa na kando ya mito, na mbwa huziburuta njiani mchana watu wakiona.

Halafu kuna hesabu. Madukani huuzwa hata moja moja, jambo linalomfanya mnunuzi asione fedha zinavyokwenda. Nepi moja ikiwa ni shilingi 20, na mtoto akichafua sita kwa siku, hizo ni shilingi 120, na kwa mwezi ni 3,600. Kwa fedha hizo mtu hununua taulo ya kushona nepi za kutosha, akazitumia mpaka mtoto ajue choo, kisha akamrithisha mdogo wake.

Mwalimu alijua kufanya hesabu hii kuliko mkwewe, akakubali kwa moyo mweupe. Sanduku likavutwa, likafunguliwa. Nepi zilikuwa nyeupe kama siku zilipowekwa, wala hapakuwa na tundu la nondo wala alama ya mende, kwa kuwa katikati yake Kukhu alikuwa akitia vile vidonge vyeupe vya nafthalini kila mwaka bila kukosa. Harufu yake ilijaa chumba kizima. Mvua ilikuwa ikinyesha, jua halikuonekana, na mtoto alikuwa akingoja, zikatikiswa, akavikwa.

Siku ya tatu macho ya mtoto yakawa manjano. Jambo hilo si geni, maana watoto wachanga wengi huwa na umanjano kidogo ambao hupita wenyewe, na Kukhu aliyewaona wengi alisema jua la asubuhi litauondoa. Hata hivyo jua lenyewe halikutoka, na hata lingalitoka lisingalitosha. Siku ya nne umanjano ulikuwa umeshuka kifuani na tumboni. Mtoto akalegea, akawa hanyonyi. Baba yake aliwasha pikipiki katika mvua ile ile, mama na mtoto wakakaa nyuma yake chini ya karatasi la nailoni, wakashika njia ya mjini.

Hospitalini, muuguzi aliyempokea mtoto alifunua shali, akasita, akainusa.

“Nguo hizi zilikuwa zimewekwa wapi, mama?”

“Sandukuni, sista. Ni nepi za mama mkwe wangu.”

“Na vidonge vya nondo?”

Mtoto alivuliwa nguo zote papo hapo, akaoshwa, akalazwa chini ya taa ya buluu itumikayo kupunguza umanjano. Damu yake ikapimwa, ikaonekana kwamba ana upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Yafaa jambo hili lielezwe taratibu, kwani katika nchi ya malaria linahusu nyumba nyingi kuliko zinavyodhani. Kimeng'enya hicho huzilinda chembe nyekundu za damu. Wako watu wanaozaliwa nacho kikiwa kichache, hasa wanaume, na ni wengi zaidi mahali ambapo malaria imekaa tangu kale, kwa sababu upungufu huo humkinga mtu kidogo na ugonjwa huo. Anaishi vizuri bila kujua, mpaka akutane na kitu kinachozivunja chembe hizo. Nafthalini ni kimoja cha vitu hivyo. Hupita kwa pumzi na kwa ngozi ya mtoto mchanga, na ngozi iliyopakwa mafuta huipokea zaidi. Chembe zikivunjika nyingi kwa mara moja, umanjano huzidi, nao ukifika ubongoni waweza kumwachia mtoto uziwi au ulemavu, au kumwua. Mwaka 1963 madaktari wa Ugiriki waliandika habari za watoto wachanga 21 waliovunjikiwa damu kwa sababu ya nafthalini. Kwa hiyo habari hii si mpya. Ila haijafika chini ya vitanda.

Mtoto wa Shinyalu alikaa chini ya taa siku tano, akarudi kunyonya, akapona. Mama yake alipewa orodha ya dawa ambazo mtoto huyo asipewe, akaihifadhi pamoja na kitabu chake cha kliniki.

Aliyebaki mgonjwa ni Kukhu. Siku mbili hakula. Alikaa jikoni akitazama moto, na mwalimu aliporudi na mtoto hakuinuka kumpokea. Alisema, “Mimi ndimi niliyemvika.” Wapo wakwe ambao wangaliyatumia maneno hayo maisha yote. Mwalimu alimweka mtoto mikononi mwake, akasema, “Mama, hata mimi niliisikia harufu ile, nikadhani ni harufu ya usafi.”

Na hapo ndipo kosa lilipokuwa, wala halikuwa la mzee peke yake. Usafi wa Kukhu ulikuwa usafi wa kweli. Mama yake mzazi alikuwa katika vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952, ambamo wanawake walifundishwa kushona, kupika na kulea watoto. Binti akapokea kwa mama yake namna ya kukunja nepi pembe tatu, kuficha ncha ya pini, na kuchemsha nguo za mtoto mbali na nguo nyingine. Mafundisho yote hayo yanafaa hata leo. Kidonge cheupe kilijiingiza katikati yake, kikaonekana kuwa ndugu wa sabuni.

Majirani walidhani nyumba ile haitaki kuona nepi ya kitambaa tena. Na kweli, kwa mwezi mmoja mtoto alivaa za kutupa. Lakini siku moja Kukhu alitoka asubuhi na kuku wawili kikapuni, akarudi jioni na kitambaa kipya cha taulo na cha flaneli kutoka sokoni Kakamega. Aliazima cherehani ya jirani. Nepi 20 zikashonwa kwa siku tatu, zikafuliwa, zikaanikwa, na kila moja akampelekea mwalimu ainuse. Zile za zamani hazikurudi sandukuni. Zilikatwa vipande, na mpaka leo baba mtoto hufutia pikipiki yake.

Sasa kuhusu kazi yenyewe, ambayo wasifuo nepi za kitambaa aghalabu hupita juu yake haraka. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua hiyo kwa kawaida huja baada ya adhuhuri. Afuaye saa nane mchana ameshindwa kabla ya kuanza. Mwalimu aligundua kwamba nepi ambayo haikufika kwenye kamba kabla ya saa tatu asubuhi italala na unyevu. Na nepi yenye unyevu huchubua mtoto na kunuka, nayo ikikaushiwa juu ya moto wa kuni hushika moshi. Kinyesi hutolewa kwanza, kikatupwa chooni. Wengi husema kinyesi cha mtoto anyonyaye si uchafu, nao wamekosea, kwani kina vijidudu kama cha mtu mzima. Nepi husuuzwa, hulowekwa katika ndoo yenye kifuniko, hufuliwa kwa sabuni ya kipande, kisha husuuzwa mara mbili, maana sabuni iliyobaki huwasha. Maji hayo ni mengi, nayo hutoka kwenye chemchemi, mtungi juu ya mtungi. Kufulia pale pale chemchemini ni kuwanywesha majirani nepi.

Usafi wa namna hiyo haufanyi miujiza. Kuanzia mwaka 2012, katika Kakamega, Bungoma na Vihiga, watafiti waliwaandikisha wanawake waja wazito 8,246, na familia nyingine zikapewa dawa ya kutibu maji, vyoo bora, sabuni, na hata vyungu vya watoto kujisaidia. Matokeo yalipotolewa mwaka 2018, kuhara kwa watoto hakukuwa kumepungua. Uchafu una milango mingi, na nepi ni mmoja tu.

Kisha yuko nzi. Katika nchi zetu za joto kuna nzi mmoja wa rangi ya manjano na kahawia apendaye kivuli, atagaye mayai yake katika nguo mbichi zilizoanikwa uvulini au majanini. Funza wake hutoboa ngozi ya mvaaji, na jipu huota lenye kitu hai ndani yake. Dawa ni jua kali na pasi ya moto, pande zote mbili, hasa penye pindo. Kukhu anajua hili tangu utoto. Pasi yake ya makaa haijapata kuchelewa.

Waingereza nao walizilinganisha nepi hizi mbili katika uchunguzi uliotolewa na serikali yao mwaka 2008. Waliona kwamba faida ya nepi ya kitambaa hutegemea jinsi inavyofuliwa: ikikaushwa kwa mashine faida huyeyuka, bali ikianikwa nje, ikafuliwa nyingi pamoja, na ikatumiwa na mtoto wa pili, hushinda wazi. Katika Shinyalu hakuna mashine ya kukaushia, wala hakuna aitakaye. Kuna kamba, na mawingu.

Miezi mitatu ya likizo ya uzazi, ambayo sheria ya mwaka 2007 humpa mwanamke mwenye kazi ya mshahara, iliisha mwezi wa Julai. Mwalimu alitakiwa darasani asubuhi, saa zile zile ambazo nepi zinataka mikono. Magoti ya Kukhu hayawezi tena kuinamia karai. Shauri la kumleta msichana wa kazi lilizungumzwa jioni moja, na hesabu ikafanywa. Mshahara wake ungalipita gharama ya pampasi. Yule baba alinyamaza muda mrefu. Kesho yake kulipopambazuka alionekana nyuma ya nyumba, mikono imekunjwa mpaka kiwikoni, karai mbele yake.

Wenzake wa stendi ya bodaboda walicheka sana. Mmoja alipita makusudi kumtazama akianika, akamwuliza kama ameolewa. Alijibu kwamba nepi zile ni za mwanawe, wala si za jirani, akaendelea kubana vibanio. Kicheko kilidumu wiki mbili hivi, na mwezi uliofuata mmoja wao alikuja faraghani kuuliza taulo ile ilinunuliwa duka gani.

Siku hizi yeye hufua na kuanika kabla ya kwenda kazini, mwalimu huziloweka usiku, na Kukhu hukaa mlangoni na mtoto akilinda mbingu. Wingu likiinuka upande wa msitu, humfunga mtoto mgongoni, akaenda kwenye kamba kwa fimbo yake, akazianua moja moja. Huzipiga pasi mezani. Na kabla ya kuikunja kila moja, huiinua mpaka puani, akavuta pumzi, akangoja kidogo, ndipo akaiweka juu ya nyingine.