Legeza Shingo

Jumapili moja mwezi uliopita kanisani kwetu tulizindua birika la ubatizo. Limejengwa kwa vigae vya buluu nyuma ya mimbari, na siku hiyo lilijazwa kwa maji ya boza. Kutoka mlango wa kanisa hadi ziwani mtoto anatembea dakika tano. Mjukuu wangu wa miaka tisa akaniuliza kwa sauti ya chini, "Babu, kabla ya birika watu walibatizwa wapi?" Nikamwonyesha dirishani. Akanitazama usoni aone kama namtania. "Ziwani? Si wangezama?"

Amezaliwa Mwanza huyu, na amekulia Mwanza.

Mimi nilibatizwa ziwani. Nilikuwa nikiamini ni mwaka 1973, lakini cheti kinasema Desemba 1974, na marehemu dada yangu alishikilia kwamba ilikuwa Pasaka. Iwe vyovyote. Asubuhi ile maji yalikuwa ya baridi, mchungaji alisimama yakimfika kifuani, na kwaya iliimba juu ya mawe. Wenzetu Wakatoliki, ambao wamisionari wao walifika Bukumbi tangu 1883, walikuwa wakitutania kuwa sisi ni watu wa maji mengi. Tulikubali. Kwa maji yale sikuwa na hofu hata kidogo, maana mtu mmoja alikwisha kunifundisha namna ya kujikabidhi kwayo.

Alikuwa mshona nyavu, Mkerewe, na alikuwa mzee wa kanisa letu. Kila alasiri ungemkuta Kirumba juu ya jiwe pana, mguu mmoja ameunyoosha, wavu ameutega kwenye kidole gumba cha mguu ili ukazike, sindano ya mti ikipita na kurudi mkononi mwake bila yeye kuitazama. Kidole kile kilikuwa na mfereji uliochimbwa na uzi wa miaka mingi. Shati lake lilinuka mafuta ya taa ya karabai na dagaa walioanikwa juani, na hadi leo nikipita mahali dagaa wanapoanikwa, naitika kana kwamba nimeitwa. Watoto wote tulimwita Babu. Alipotuona tunatapatapa pembeni, vichwa juu, miguu ikichimba maji kama mbwa, aliweka wavu chini akaingia.

Hakuanza na mikono wala miguu. Karibu wiki mbili nzima alitulaza chali tu, mmoja mmoja, kiganja chake kikiwa chini ya kisogo. "Legeza shingo," alisema. "Ukikaza shingo unakibeba kichwa mwenyewe, na kichwa ni jiwe." Ukiinua kichwa uone kama unazama, nyonga zinashuka, miguu inafuata, umezama kweli. Ukikubali masikio yaingie majini, kifua chenye pumzi kinapanda, na nyonga zinapanda nacho. Maji baridi hayamwinui mtu kama ya bahari. Aliyejifunzia Tanga akija kwetu huliona hilo siku ya kwanza. Kwa hiyo shingo ilikuwa jambo zito. Kiganja kilishika, kisha vidole vinne, kisha viwili, kisha kimoja. Kidole cha mwisho alikiondoa bila kukuambia.

Ndipo akaja kwenye pumzi: itoe ndani ya maji, yote, polepole, halafu geuza uso uvute nyingine. Sisi tulikuwa tukiibana. Alisema anayeibana huchoka kabla mikono haijachoka, na kwamba amewaona waumini wa namna hiyo, wanaoshika walichopewa kwa hofu kwamba hawatapewa tena.

Siku moja alitusimulia habari za Petro, na sijasikia mahubiri yaliyonikaa kama yale. Tulikuwa tumeketi juu ya jiwe tumejikunja kwa baridi. Akauliza: Petro alizama kwa kuwa hakujua kuogelea? Tukasema ndiyo. Akatuambia tusome mwisho wa Injili ya Yohana. Huko Petro anajitosa ziwani na nguo yake, anamwendea Bwana ufukweni, na chombo kiko mbali na nchi kavu yapata dhiraa 200, karibu mita 90. Mvuvi yule alijua maji. Basi katika Mathayo 14 alizamishwa na nini? "Aliinua macho akautazama upepo," Babu alisema, akakaza shingo yake mwenyewe kutuonyesha, mishipa ikamtoka. "Mfa maji haachi kutapatapa, na kutapatapa ndiko kunakommaliza."

Miaka ya baadaye ilikwenda mbio. Sangara walijaa, viwanda vya minofu vikajengwa, na ufukwe tuliochezea ukazungushiwa ukuta. Kichocho kilikuwapo tangu zamani, lakini sasa tuliambiwa kwa mabango. Gugu maji likaja likafunika ghuba. Halafu Mei 1996 meli ya MV Bukoba ikazama, jambo ambalo mtu wa Mwanza hahitaji kusimuliwa. Baada ya hapo akina mama waliwakataza watoto kusogea majini, nami niliwakataza wangu. Nilikosea. Kizazi kizima kimekua kando ya ziwa bila kujua kulalia maji, na kila mwaka tunazika vijana waliopinduka na mtumbwi.

Na kanisani ninasikia kitu kinachofanana na kutapatapa kule, nacho kinaniudhi kweli. Vipaza sauti vinatuamuru tupambane, tuvunje, tunyakue. Waumini wanarusha mikono hadi jasho linawatoka, wanarudi nyumbani wamechoka, na Jumapili ijayo wanaanza upya. Hakuna anayewaambia kwamba wamebebwa. Mwaka nilipomzika mke wangu nami nilitapatapa hivyo miezi mingi, nikihesabu usiku ni dawa gani na hospitali gani ingemwokoa. Usiku mmoja, nikiwa chali kitandani, nilihisi shingo yangu ilivyokaza hata kichwa hakikugusa mto sawasawa. Nikailegeza. Sikusali neno lolote. Nililala hadi asubuhi.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mjukuu kwenye bwawa la hoteli moja, maana pembeni mwa ziwa bado naogopa konokono wa kichocho. Alikuja amevaa maboya mikononi. Nikamvua. Nikamlaza, kiganja chini ya kisogo chake, na mara tatu aliinua kichwa kuniuliza kama anazama, na mara tatu miguu ikashuka. Nikamweleza habari za Petro. Mara ya nne aliacha masikio yaingie, na akawa hanisikii tena, ananitazama tu. Nikabakiza vidole vinne. Kisha viwili.