Kalamu Haistaafu: Safari ya Tumbatu

Baba yangu alilitumikia jeshi la polisi hata akafikia cheo cha sajini. Miaka yote ile haikupita sherehe ya kambi pasipo kusomwa shairi lake. Alipostaafu aliiweka kalamu pamoja na sare ndani ya sanduku la bati. Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Mwanangu, kalamu ni ya wenye kazi. Mimi zamu yangu imekwisha." Maneno hayo nilisafiri nayo wakati wa likizo yangu, nilipokwenda Unguja.

Sitawachosha kwa habari za basi kutoka Kampala hadi Dar es Salaam, wala za meli. Nilipokwisha kupumzika mjini Unguja nilipanda daladala kwenda Mkokotoni, kaskazini ya kisiwa. Hapo pana soko la samaki, na ng'ambo ya maji chaonekana kisiwa cha Tumbatu. Nilivuka kwa mashua pamoja na akina mama waliokuwa wakirejea na vikapu vyao. Watumbatu wana sifa ya ubaharia tangu kale, nao wana lahaja yao, Kitumbatu, ambayo masikio yangu ya bara yaliifuata kwa taabu. Karibu na kijiji cha Jongowe, upande wa kusini, yamo magofu ya msikiti na majumba ya mawe ya mji uliositawi karne nyingi zilizopita.

Lakini sikuwa nimefuata magofu. Nilitaka kuiona ardhi iliyomzaa marehemu Haji Gora Haji, mshairi aliyezaliwa kisiwani humo mwaka 1933. Alihamia mjini Unguja angali mtoto, akasoma chuo cha Kurani, kisha akala jasho lake kwa uvuvi, ubaharia na upagazi wa bandarini. Pamoja na kazi hizo nzito, alitunga mashairi na nyimbo za ngoma na taarab. Diwani yake, Kimbunga, ilitolewa mwaka 1994, naye akiwa na umri wa miaka 61, umri ambao watumishi wengi wa serikali wamekwisha kupokea barua ya kustaafu. Hakutua hapo. Mwaka 2009 ilitoka hadithi yake, Siri ya Ging'ingi, na mwaka 2019, akiwa na miaka 86, ikatoka diwani nyingine, Shuwari. Kimbunga kwanza, shuwari baadaye: kama safari ya baharia. Alifariki dunia mwaka 2021.

Huko Jongowe nilimkuta mzee mmoja chini ya mti, akishona wavu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Tulipozungumza nilifahamu kuwa naye ni mtunzi. Kila siku, baada ya sala ya alfajiri, hutunga ubeti mmoja tu. Huufunga kichwani kwa kuhesabu vidole: mizani 8 na mizani 8 kwa kila mstari, mistari 4, jumla mizani 64. Alasiri mjukuu wake akitoka shule huja na daftari, babu akasoma, mtoto akaandika.

"Na siku ubeti mzuri usipopatikana, babu?"

"Nitatunga mbovu. Mbovu hutengenezeka. Usiotungwa utautengenezaje?"

"Na mjukuu asipokuja?"

Aliuweka wavu chini. "Siku hiyo, mwanangu, ulimi huwa mzito. Nitamtungia nani?"

Swali hilo lilinichoma. Nilikuwa nimedhani baba yangu ameishiwa maneno, kumbe ameishiwa wasikilizaji. Haji Gora alikuwa na wacheza ngoma waliongoja wimbo wake, na mzee wa Jongowe ana mjukuu. Baba alikuwa na kambi nzima, na siku aliyotoka langoni, kambi ilibaki nyuma yake. Sisi watoto wake tulimuuliza habari za pensheni, za magoti na za ng'ombe. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza habari za shairi.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani, au mwenyewe anayekaribia kuikabidhi sare, ayashike mambo matatu. Achague saa moja ya siku isiyobadilika. Ajiwekee kipimo kidogo ambacho hata mgonjwa atakiweza. Na la tatu, lililo kubwa kuliko yote, awepo mtu anayengoja.

Nilinunua daftari katika soko la Darajani, nikampelekea.

"Shikamoo, Baba. Kila Jumapili jioni nitakuja kusikiliza ubeti mmoja."

Aliligeuza mkononi. "Marahaba. Daftari zuri hili, la kuandikia madeni."

Jumapili ya kwanza lilikuwa tupu. Ya pili vivyo hivyo, nami nilikunywa chai nikaondoka bila kulalamika. Jumapili ya tatu nilimkuta amevaa miwani, na ukurasani mna mistari miwili kwa mwandiko ule ule wa kitabu cha taarifa za kituo.

"Mstari wa tatu umenigomea," alisema. "Kina hakikubali."

Nilivuta kiti. Tulikaa mpaka Mama akawasha taa, tukikitafuta.