Tembe ya Kwihara

Twataka kuwapa habari za nyumba moja ya kale, ili mpate kuzungumza na watoto wenu na wanafunzi wenu.

Tulitoka Ipuli, tukapita mjini Tabora penye miembe mingi, tukashika njia ya kusini hata Kwihara. Huko iko tembe iitwayo ya Livingstone. Nyumba hiyo ilijengwa upya katika karne ya 20, na sasa ni nyumba ya makumbusho. Kuta zake ni nene, dari yake ni tambarare, milango yake ya mbao imechongwa kwa ufundi wa pwani, na vyumba vyake vimeuzunguka ua.

Lakini Livingstone alikuwa mgeni tu. Alifika pamoja na Stanley mwezi wa Februari 1872. Stanley akaondoka mwezi wa Machi, naye akangoja wapagazi hata Agosti. Wenye tembe za namna hii walikuwa Waarabu wafanya biashara, na utajiri wao ulitoka katika pembe za ndovu na watumwa. Pembe zilichukuliwa mabegani. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliopatana ujira wao, na sifa za uhodari wao zilifika pwani. Watumwa hawakuwa na ujira wala hiari. Basi tuusifupo mlango mzuri, na tukumbuke jasho lililoununua.

Liko na jambo jingine la kukumbukwa Kwihara. Livingstone alikufa mwaka 1873 kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Watumishi wake, Susi na Chuma na wenzao, waliukausha mwili wake, wakauchukua kwa miguu. Walipofika Unyanyembe mwezi wa Oktoba walimkuta Mwingereza, Cameron, akawashauri wauzike papo hapo. Wakakataa, wakaendelea mpaka Bagamoyo. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa London, katika Westminster Abbey. Katika wachukuzi wale, Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyekuwapo mazishini. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, kaburi limekwisha kufunikwa.

Nyumba imebaki na jina la mgeni. Nanyi walimu, mwapelekapo watoto Kwihara, watajieni na majina ya wachukuzi, wasidhani kwamba safari zile zilikuwa za mtu mmoja.