Sanduku Ndilo la Mwisho: Najiandaa kwa Safari ya Uluguru



Mwezi wa Julai, inshaallah, nimealikwa kwenye kongamano la wanawake wanaouguza wazazi majumbani. Linafanyika kwenye hosteli moja iliyo juu kwenye milima ya Uluguru, Morogoro. Ni siku tatu, ukiacha ya kufika na ya kuondoka. Tangu niwaambie shoga zangu, suali ni moja tu: "Utavaa nini na baridi ile?" Nitafika huko. Lakini kwa mwanamke mwenye mgonjwa ndani, sanduku ndilo la mwisho.

La kwanza ni radhi. Mama yangu alipata kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu, na mimi ndiye mkono wake. Nilikaa na barua ya mwaliko wiki nzima sijamwambia mtu. Nilipomsomea, alinyamaza, kisha akasema polepole: "Nenda, mwanangu. Mimi sitokufa kwa siku tano. Na nikifa, si kwa sababu wewe hupo." Nililia, sikufichi. Wengi wetu tunadhani tukitoka nyumba itaanguka. Roho ziko mikononi mwa Mola wake, si mikononi mwetu. Letu ni kufunga ngamia, kisha kutawakali.

Kwangu mimi, kufunga ngamia ni kupanga nani atabaki. Dada yangu mkubwa anatoka Wete siku mbili kabla, afanye kazi zote mimi nikiwepo. Nimeandika karatasi na kuibandika ukutani: dawa za presha na saa zake, uji uwe mzito, maana mwepesi humpalia, usiku ageuzwe kila baada ya saa mbili asifanye vidonda. Kumwomba ndugu msaada si aibu. Na yeye ni mtoto wa mama, ana haki ya thawabu hizi.

La tatu ni njia. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya mwanamke kusafiri bila maharimu. Mimi nimechukua njia ya tahadhari: kaka yangu anafuatana nami na atalala mjini Morogoro, sisi wanawake tukiwa juu. Kwa hivyo bajeti ni ya tiketi mbili, na upatu wangu umekwenda huko. Tutapanda boti ya asubuhi Malindi, kiasi cha saa mbili hadi Dar es Salaam, kisha treni ya umeme. Tangu ilipoanza kubeba abiria mwezi wa Juni 2024, Dar hadi Morogoro ni chini ya saa mbili. Chukueni kitambulisho, na acheni nafasi ya kutosha baina ya boti na treni, maana bahari haina ahadi. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje ya mji, kwa hivyo gari la kupandia mlimani liwekwe mapema, mufike kabla ya magharibi.

La nne ni ibada. Safari hii inaruhusu kupunguza na kukusanya: Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili, Maghribi inabaki tatu. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, ukinuia kukaa siku nne kamili mahali, ruhusa inakatika. Zetu tatu zimo ndani. Halafu maji. Alfajiri ya mlimani maji ni kama barafu. Kutimiza udhu wakati nafsi inakataa kuna fadhila kubwa, lakini dini pia imetupa wepesi: khofu zilizovaliwa ukiwa na udhu, zikafunika vifundo vya miguu, msafiri hupangusa juu yake siku tatu na usiku wake. Soksi nyembamba hazitoshi, ulizeni kabla.

Sasa sanduku. Kipupwe chetu cha Unguja ni cha shuka moja. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kiasi cha nyuzi 6. Sweta mbili chini ya baibui, baibui lenyewe lisiburure, maana kuna ukungu na tope. Viatu vya kushika ardhi. Chupa ya chai. Mwenye pumu asisahau dawa yake ya kuvuta. Zawadi ya wenyeji iwe halua. Karafuu musibebe! Upande wa Matombo na Kinole wanalima wenyewe, na mdalasini na pilipili manga pia.

Wewe unayeuguza, uliyekwishakataa mialiko mitatu: jaribu kumuuliza mgonjwa wako kwanza, kabla hujamjibia. Pengine naye anangojea kukuona ukipumua.

Niombeeni safari ya kheri, na mama yangu muombeeni afya. Amin.