Korongo wa Wisconsin Asifunguliwe Msimu wa Kuwindwa

Katika jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, mto wenye jina hilo hilo hupita karibu na mji mdogo wa Baraboo. Kandokando yake kuna vinamasi, mashamba ya mahindi na mafungu ya mchanga. Msafiri apitaye huko mwezi wa Oktoba, jua linapotua, husikia sauti kama ya baragumu ikitoka mbali. Kisha huwaona korongo wa kijivu, wenye utosi mwekundu, wakishuka makundi kwa makundi ili walale wamesimama katika maji ya kina kifupi.

Ndege hao walikaribia kutoweka jimboni humo. Waliwindwa, na vinamasi vyao vikakaushwa ili vilimwe. Sheria ya mwaka 1918 iliwakinga na bunduki, lakini katika miaka ya 1930 jozi zilizokuwa zikitaga zilikisiwa kuwa 25 tu. Mwaka 1937 mwandishi Aldo Leopold aliandika maombolezo ya kinamasi kinachopoteza korongo wake. Leo wamerudi kwa makumi ya maelfu, na kwa kuwa wamerudi, wako watakao wawindwe tena. Miswada ya kufungua msimu ililetwa katika bunge la jimbo mwaka 2021, na tena mwaka 2025.

Hoja yao kubwa ni wakulima. Ni kweli kwamba korongo hufukua mbegu za mahindi zinapoanza kuota, na hasara hiyo si ndogo. Lakini huko mahindi huota mwezi wa Mei, hali katika majimbo yanayoruhusu uwindaji huo msimu hufunguliwa Septemba au baadaye. Risasi ya Oktoba haiokoi mbegu ya Mei. Dawa ya kupaka mbegu ipo. Haimwui ndege, bali humchukiza, akaiacha mbegu na kutafuta wadudu na masazo ya nafaka. Yafaa bunge lijadili jinsi ya kumsaidia mkulima kuinunua.

Tena, korongo haongezeki kama kuku. Hukaa miaka kadhaa kabla ya kuanza kutaga. Hutaga mayai mawili, na mara nyingi kifaranga kimoja tu ndicho hufikia kuruka. Pengo la ndege mmoja huchukua muda mrefu kuzibwa.

Iko hatari nyingine, na askari wataielewa upesi. Miongoni mwa korongo wa kijivu huchanganyika korongo weupe, ambao mwaka 1941 walikuwa wamebaki takriban ishirini tu porini. Tangu mwaka 2001 wamekuwa wakirudishwa katika vinamasi vya Necedah, jimboni humo humo, na hata sasa kundi hilo halifiki ndege mia moja. Makinda yao yana manyoya ya hudhurungi. Askari hufundishwa kuitambua shabaha kabla ya kufyatua risasi. Je, mwindaji aliyejificha alfajiri penye ukungu ataitambuaje?

Jambo hili halituhusu kwa mbali. Hapo Baraboo pana Shirika la Kimataifa la Korongo, lililoanzishwa mwaka 1973, ambalo hufuga aina zote 15 za korongo duniani. Mmoja wao ni korongo taji, yule asimamaye katikati ya bendera ya Uganda. Katika Buganda, watu wa ukoo wa Ng'aali humheshimu wala hawamli. Hata hivyo, tangu mwaka 2012 ametiwa katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani, kwa sababu vinamasi vinalimwa na makinda yanakamatwa.

Wahenga walisema, akiba haiozi. Watu wa Wisconsin wameiweka akiba yao kwa zaidi ya miaka mia moja; haifai kuifungulia bunduki. Nasi tuwafundishe watoto wetu kuacha viota vya kinamasini vilivyo, ili ndege wa bendera asibaki kwenye kitambaa peke yake.