Kwa mpwa wangu, kuhusu mafao ya mwenzio

Mwanangu mpendwa,

Nimeelezwa kwamba mnajiona salama kwa kuwa mmeishi kinyumba zaidi ya miaka 2, naye anachangia mfuko wa hifadhi ya jamii. Ni kweli, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinawachukulia kuwa wameoana mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, jamii ikawatambua kuwa mume na mke. Lakini hiyo ni dhana, na sheria yenyewe inasema inaweza kupingwa. Haikupi ndoa, inakupa hoja ya kupeleka mahakamani. Na utaipeleka lini? Akishafariki, shahidi wako mkuu akiwa hayupo, na wanaokupinga ni ndugu zake wanaoyatazama mafao yale yale ya urithi. Ikibainika kwamba alikuwa na ndoa ya mke mmoja ambayo haikuvunjwa, dhana hiyo haisimami hata mngeishi miaka 20. Hili la mwisho muulize waziwazi, usilionee haya.

Utasema si haki, na hapo niko upande wako. Mchango unaokatwa kwenye mshahara wake unapunguza matumizi ya nyumba mnayoiendesha wote wawili, hivyo aliyejinyima naye anastahili kufaidi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimpa ushindi mwanamke wa Ireland ya Kaskazini aliyenyimwa pensheni ya mwenzi aliyeishi naye miaka 10 bila ndoa, kwa sababu tu fomu ya kumteua haikuwa imewasilishwa. Uamuzi ule ulikuwa wa haki, na ningependa sheria yetu nayo itamke hivyo bila kuzungusha. Hata hivyo, mwenzi wake alikuwa amefariki Desemba 2009. Zaidi ya miaka 7 tangu kifo hadi hukumu! Mjane mwenye watoto wanaodaiwa ada ataisubiri kwa kula nini?

Najua kinachowachelewesha ni mahari. Mahari ni heshima kwetu wazazi, lakini kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo kinasema ndoa haibatiliki kwa kuwa mahari haikutolewa. Deni hilo mtalimaliza taratibu. Sisi wa ukoo hatuna haki ya kulifanya kizuizi cha riziki yako. Wengine watakwambia kuzungumzia kifo cha mtu aliye hai ni uchuro. Mbona yeye mwenyewe anakikatia mchango kila mwezi, naye haogopi?

Hakikisheni vyeti vya kuzaliwa vya watoto vina jina la baba yao, maana haki yao haitegemei ndoa yenu. Kisha nendeni bomani mkatoe taarifa ya kufunga ndoa. Tangazo ni siku 21. Niandikie tarehe mkishapangiwa, nije kuwa shahidi.

Shangazi yako