Sikuiona Kufuli

Mwaka 1995 niliua chama cha wafugaji. Sikuiba hata senti, wala sikugombea uongozi. Nilisimama tu mbele ya mkutano mkuu na picha moja mkononi, nikasimulia habari za Denmark, watu wakaniamini. Miaka miwili baadaye chama hakikuwepo. Waliokuwepo siku ile wanajua nusu ya habari. Nusu ya pili nimeikalia mwenyewe, na ndiyo inayonifanya niandike.

Wakati huo nilikuwa mwalimu katika chuo kimoja cha maendeleo ya wananchi, huku kwetu Rungwe. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975, na wazo lake lilitoka nchi za Nordiki, kwenye shule za bweni za watu wazima ambazo Wadenmark huziita højskole. Ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844, kutokana na fikra za N. F. S. Grundtvig, mchungaji na mshairi aliyetaka mkulima afundishwe kwa mazungumzo na historia ya kwao, bila mitihani na bila kukaririshwa Kilatini. Basi mwaka 1994 nikapata ufadhili wa miezi mitano kwenda kusoma kwa hao mababu wa chuo chetu, huko Jylland, upande wa Denmark uliopakana na Ujerumani.

Jioni moja ya Juni nilikuwa kwenye baiskeli ya kuazima. Saa tatu usiku jua bado liko juu, jambo ambalo sikulizoea mpaka nikaondoka. Kando ya barabara nikakuta meza ya mbao yenye kipaa kidogo. Juu yake mifuko ya viazi vipya, udongo bado haujakauka. Bei imeandikwa kwa chaki. Pembeni, kwenye nguzo, kisanduku cha chuma chenye tundu la kutumbukizia sarafu. Muuzaji hakuna. Nikapiga hodi. Nyumba ya karibu ilikuwa ng'ambo ya shamba la shayiri, na mbwa tu ndiye aliyenijibu. Nikatumbukiza sarafu, nikaisikia ikigonga chuma, nikachukua mfuko wangu. Mwanafunzi mwenzangu akanipiga picha nimeunyanyua juu kwa mkono mmoja, kama mvuvi aliyevua nguru.

Usiku ule niliandika barua nyumbani: huku watu wanaaminiana.

Chama chetu cha maziwa kilikuwa na wanachama sitini na kitu, wengi wao akina mama wenye ng'ombe mmoja au wawili. Kila alfajiri waliteremka na madumu yao hadi kwenye kibanda cha kukusanyia. Mpokeaji alikuwa kijana asiyecheka. Anachukua sampuli, anatumbukiza laktomita, anasubiri itulie, anasoma alama kwa sauti. Ikizama kupita kiasi, maziwa yana maji, na dumu linarudi lilikotoka. Yakiwa mazuri anapima lita, anaandika kwenye daftari, anaandika na kwenye kadi ya mwanachama. Foleni ilikuwa ndefu na manung'uniko hayakuisha. "Huyu anatuona wezi?" Mzee mmoja aliyerudishiwa dumu lake mbele ya wakwe zake alikaa wiki nzima bila kupita njia ile.

Nilikuwa mshauri wa chama. Kwenye mkutano mkuu nilisimama, nikapitisha ile picha mkono kwa mkono. Nikawaambia: tazameni, viazi barabarani na hakuna mlinzi. Nikapendekeza tuweke laktomita kabatini. Kila mwanachama aje amimine mwenyewe kwenye pipa, ajiandikie lita zake, aende shambani mapema. Watu wakapiga makofi, wazee wakasema ndaga fijo, yaani asante sana. Kisha mama mmoja mjane, aliyekaa karibu na mlango, akauliza:

"Mwalimu, hao Wazungu hawapimi kabisa?"

"Hawapimi," nilimjibu. "Wanaaminiana."

Neno hilo ndilo ninaloliungama. Sikulisema kwa kutojua. Nilikuwa na daftari la kaunta lenye habari kinyume chake, nimeziandika kwa mkono wangu mwenyewe, na lilikuwa kwenye mkoba niliouweka miguuni.

Miezi mitatu ya kwanza mambo yalikwenda vizuri, nami nikatembea kifua mbele. Kisha lita za kwenye daftari zikaanza kuzizidi lita za kwenye pipa. Mnunuzi wetu wa Mbeya, ambaye yeye alikuwa anapima, akarudisha mzigo mzima siku moja, akarudisha tena wiki iliyofuata. Nani alianza kutia maji, sijui hadi leo. Ninachojua ni kwamba yule wa pili alitia kwa sababu alihisi wa kwanza ametia, na wa kumi alitia kwa sababu asiyetia alionekana mjinga. Malipo yakapungua. Majirani wakaacha kusalimiana kisimani. Mwaka 1997 kibanda cha kukusanyia kilikuwa kinalala mbuzi.

Yule mama mjane alikuja nyumbani kabla hatujafika huko. Hakukaa. Alisema, "Mwalimu, mimi nina ng'ombe mmoja, lita sita, na sijawahi kutia hata tone. Zamani kila asubuhi ilisomwa mbele ya watu wote kwamba maziwa yangu ni safi. Ile laktomita ilikuwa shahidi wangu. Sasa mmeniondolea shahidi."

Nilimwambia avumilie, watu watajirekebisha.

Kosa la pili ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu lilidumu. Chama kilipokufa nilihitaji mtu wa kumlaumu, nikawalaumu walioniamini. Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano nilisimama darasani nikisema kwamba wenzetu uaminifu uko kwenye damu, sisi bado sana. Wanafunzi walicheka na kuitikia. Hakuna kinachochekesha darasa letu haraka kama kujitukana wenyewe. Na saa hiyohiyo, kwenye somo la utunzaji wa fedha, niliwaandikia ubaoni methali niliyoijua tangu utotoni: mali bila daftari hupotea bila habari. Sikuona kama methali hiyo inanihusu.

Picha ile niliitia fremu ikakaa sebuleni. Nilipostaafu, mjukuu wangu wa miaka minane alipanda kiti akaisogelea, akauliza, "Babu, mbona kisanduku kina kufuli?"

Nikavaa miwani. Kweli. Kufuli ndogo ya shaba, na mnyororo umezungushwa kwenye nguzo. Nilikuwa nimeitazama picha hiyo karibu miaka ishirini na sikuiona kufuli. Yule mkulima alimwachia mpita njia viazi ambavyo hata vikiibwa mfuko mmoja asingefilisika. Fedha aliifunga. Aliamini na akafunga, vyote juu ya meza moja, na mimi nilirudi nyumbani na nusu ya meza.

Siku hiyo nililitoa daftari la kaunta kwenye sanduku. Kule Jylland tulikuwa tumefundishwa kila kitu. Kwamba kuanzia mwaka 1733 hadi 1788 mkulima wa kiume wa Denmark alifungwa kisheria kwenye ardhi ya bwana alikozaliwa, asiruhusiwe kuhama. Kwamba mwaka 1814 sheria iliagiza watoto wote wasomeshwe. Kwamba mwaka 1864 nchi ilipigwa na Prussia na Austria, ikapoteza Schleswig na Holstein. Muda mfupi baadaye nafaka ya bei rahisi kutoka Marekani na Urusi ikafurika Ulaya, na mkulima wa Denmark aliyeishi kwa kuuza nafaka nje akajikuta hana biashara. Wakageukia siagi ya kuwauzia Waingereza. Siagi nzuri ilihitaji mashine ya kuengua krimu, na mashine hiyo hakuna mkulima mdogo aliyeweza kuinunua peke yake.

Mwaka 1882, katika kijiji cha Hjedding, magharibi ya Jylland, wakulima walikubaliana kujenga kiwanda cha maziwa cha pamoja. Faida iligawanywa kwa kadiri ya maziwa aliyoleta mtu, na maziwa yaliyoenguliwa yalirudi nyumbani kulisha nguruwe na ndama. Katika ushirika wa namna hii mwenye ng'ombe hamsini alikuwa na kura moja, na mwenye wawili kura moja. Mkopo wa mashine na jengo ulidhaminiwa na wote kwa pamoja, yaani jirani yako akishindwa kulipa, deni lake linahamia kwako. Ndani ya miaka ishirini hivi viwanda vya aina hiyo vilikuwa takriban elfu moja.

Hizo habari niliwahi kuzisimulia, tena kwa mbwembwe. Ukurasa uliofuata ndio niliouruka. Mtu aliyeweka shamba lake dhamana kwa deni la jirani hawezi kumwambia jirani huyo ajimiminie na kujiandikia. Kanuni za viwanda vile ziliweka faini kwa mwanachama atakayetia maji kwenye maziwa, na kanuni haitungwi kwa jambo ambalo hakuna anayelifanya. Mwaka 1887 mtafiti N. J. Fjord akatoa mashine iliyozungusha sampuli nyingi kwa mara moja na kuonyesha kila moja ina krimu kiasi gani. Hapo malipo yakaweza kufuata krimu badala ya lita, na aliyeongeza maji hakuongeza kitu. Kuanzia 1889 kiwanda kiliweza kupokea telegramu siku yoyote, bila taarifa, kikatakiwa kutuma pipa la siagi mara moja likaonjwe na kupewa alama na wataalamu. Mwaka 1895 wakulima wa Vejen wakaanzisha chama cha kwanza cha kupima ng'ombe. Waliajiri mtu wa kwenda banda kwa banda akipima maziwa ya kila ng'ombe na mafuta yake.

Chini ya ukurasa huo, kwa kalamu nyekundu, nilikuwa nimeandika: "Muhimu. Waeleze nyumbani."

Kwa nini sikuwaeleza? Jibu si la kujivunia. Habari ya viazi ilikuwa tamu na ilinifanya nionekane mtu aliyefika mbali. Habari ya mashine, faini na telegramu ilifanana mno na yule kijana wetu na laktomita yake. Ningeisimulia, ningekuwa nimewaambia wanachama kwamba wao na Wadenmark wanafanya jambo lilelile, na safari yangu ya ndege ingekuwa haina maana. Nilipenda kusifiwa kuliko kusema kweli.

Nisifanye kosa lilelile kwa kupindukia upande wa pili. Wadenmark wanaaminiana kweli. Nimeona vitoto vimelala kwenye vigari nje ya mgahawa, mama yuko ndani anakunywa kahawa. Nchi yao ilishika nafasi ya kwanza katika Ripoti ya Furaha Duniani mwaka 2012, 2013 na 2016, na wageni wengi wakitafuta sababu huishia kwenye starehe ndogondogo za nyumbani, kama mishumaa na soksi za sufu. Lakini Mdenmark huyo huyo hukatwa kodi kabla mshahara haujamfikia, utaratibu ulioanza mwaka 1970. Tangu 1955 Bunge lao lina mtu maalumu wa kupokea malalamiko ya raia dhidi ya ofisi za serikali. Hata kikundi kidogo cha mpira cha kijijini kina mkutano wa mwaka ambapo mweka hazina husoma hesabu, na mtu mwingine amekwisha kuzikagua. Hakuna anayenuna kwamba anaonekana mwizi. Kati ya kiwanda cha Hjedding na jioni yangu ya viazi ilipita miaka 112 ya kupimana bila kutukanana. Mimi niliwataka majirani zangu wairuke yote kwa asubuhi moja.

Mwaka jana nilikwenda kwa yule mama. Amezeeka, macho yamefifia, ng'ombe bado anaye mmoja. Nilimweleza yote, mpaka daftari na kalamu nyekundu. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo siku ile ulijua?"

"Nilijua, mama."

Alinyamaza kitambo. Kisha akamwita mjukuu wake alete chai. Sikuthubutu kuuliza kama nimesamehewa, naye hakusema.

Vijana wa kijiji wameanzisha chama kipya, na wameniomba niwe mshauri. Nimekataa ushauri, nimewanunulia laktomita mbili: moja ya kutumia, moja ya akiba itakapovunjika. Na wewe msomaji, kama uko kwenye ushirika, kikoba au kikundi cha kufa na kuzikana, siku moja atakuja mtu kama mimi, ametoka safari, ana picha nzuri. Mpigieni makofi, mpeni na chai. Lakini kabla hamjapiga kura, mwambieni aipitishe picha kwa watoto, wamwonyeshe kufuli ilipo.